Kimya cha Baba Mwahija

Shinyanga Mjini
11 Novemba 1951

Mume wangu Abdu,

Salaam aleikum. Mimi na Mwahija tu wazima. Mama yako mzima pia, ila goti linamsumbua tangu mawingu yaanze kujikusanya. Vitumbua vinauzika stesheni siku za treni. Siku nyingine tunavila wenyewe.

Juzi Bujiku, yule dereva wa lori la pamba, alifika hapa nyumbani. Akakaa, akanywa maji, akazungusha maneno mpaka nikajua ana jambo. Nikamwambia aliseme. Akasema alilala Geita, huko kwenye laini zenu, zile nyumba za wafanyakazi, na asubuhi akaja chumbani kwako akusalimie kabla hajaondoka. Mlango ulikuwa wazi. Akakuta mko wawili mmekaa mkekani, wewe na Mkristo mmoja aitwaye Onesmo, mmenyoosha migongo, mikono mapajani, mmefumba macho. Akapiga hodi. Akakuita kwa jina lako. Hukumjibu, wala hukugeuka.

Akaniambia, "Mama Mwahija, nimeona watu wanaosali, nimeona watu waliolewa, nimeona na maiti. Wale hawakuwa hata mmoja wa hao."

Abdu, toka juzi nashika kitu, nakiacha. Wewe ulikuwa fundi cherehani mwenye kiti chake kwenye baraza la duka, watu wanakusubiri foleni sikukuu zikikaribia. Ukaacha yote ukaenda kuchimba mawe chini ya ardhi, na uliondoka wiki ileile Mwahija alipopata degedege, mtoto hajapoa vizuri. Watu waliniuliza, nikasema ni riziki. Moyoni nilijua ni mwanamke. Nilikwisha kujiandaa kwa mwanamke. Kwa hili sikujiandaa.

Ni dini gani hiyo? Au ni majini mnayaita? Niambie kabla sijaambiwa na wengine.

Jambo la pili. Mvua zinakaribia, na degedege lile lilimpata wakati wa mvua. Mama yako amesikia habari za mganga mmoja huko Kagongwa anayewachanja watoto chale kwenye paji la uso na kuwafukizia, na hali hiyo hairudi tena. Tutampeleka mwezi ujao. Sipendi chale usoni mwa mtoto wa kike, lakini siwezi kumwona tena katika hali ile, mdomo umekuwa rangi ya zambarau.

Mimi mkeo,
Zuleha


Geita, Mgodini
26 Novemba 1951

Mke wangu Zuleha,

Wa aleikum salaam. Bujiku hakusema uongo. Nilimsikia, na nilifanya vibaya kutomjibu. Nilipotoka kumtafuta lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Mwambie namwomba radhi.

Si dini, wala si majini. Nitakueleza kama lilivyo.

Huyu Onesmo ni mtu wa Chato, kazi yake ni kuendesha winchi inayotuteremsha shimoni. Alikuwa askari wa Keya kama mimi, ingawa kule Burma hatukukutana. Aliumia mguu akalazwa hospitali kisiwani Ceylon. Kuna mzee mmoja wa dini ya kule, mwenye kichwa kilichonyolewa na shuka la rangi ya manjano, aliyekuwa akija kuwatazama wagonjwa wasiopata usingizi. Hawakuwa na lugha moja. Yule mzee alikaa tu kando ya kitanda, akafumba macho, akavuta pumzi na kuitoa, akamwonyesha Onesmo kwa kidole puani: hapa, tazama hapa. Basi Onesmo akajifunza.

Nilipofika hapa nilipangiwa chumba chake. Wewe unajua tangu nilipotoka vitani silali vizuri. Hapa, kila zamu ikiisha, wanalipua baruti chini, na ardhi inatikisika mpaka vikombe vinalia mezani. Majuma ya kwanza nilijikuta mtaroni, nimelala kifudifudi, sijui nimefikaje. Wengine walicheka. Onesmo hakucheka. Akaniambia nikae naye asubuhi. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema, "Mimi Mkatoliki. Sikuombi umwabudu mtu. Nakuomba ukae."

Kwa hiyo nikimaliza sala ya alfajiri siondoki. Nakaa palepale na kufuata pumzi. Ni hivyo tu. Mwanzo ilikuwa mateso. Miguu ilikufa ganzi, pua ikawasha, siku moja nikasinzia nikamwangukia Onesmo begani. Mawazo yalinikimbiza kila upande. Nilitaka kuacha, na nadhani sikuacha kwa sababu ya aibu tu. Ila baada ya muda nikaanza kuona mabadiliko madogo. Nalala mpaka kengele ya kambi inapolia. Kikombe cha chai kilichojaa nakifikisha mdomoni bila kumwagika. Baruti ikilia bado nashtuka, lakini najua ni baruti, na najua niko Geita.

Sasa nisikilize kwa hili. Usimpeleke Mwahija kwa mganga. Asichanjwe. Mtoto hana degedege. Nakuomba uniamini, na nakuomba usiniulize.

Mwambie Mama akande goti kwa maji ya moto.

Mumeo,
Abdu


Shinyanga Mjini
10 Desemba 1951

Abdu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena. Habari za pumzi sina neno nazo. Ukitaka kukaa, kaa.

Lakini hili la mtoto. Uko Geita, mtoto yuko Shinyanga, na unaniandikia kwamba hana degedege. Nani alikuambia? Ni wewe mwenyewe uliyesema ni degedege. Nilitoka stesheni na kikapu kichwani, nikakukuta uani umempakata, mvua inawanyeshea, mtoto amelegea kama nguo iliyofuliwa. Nikauliza ana nini, ukasema degedege. Mwaka mzima huu nimemvalisha hirizi kwa neno lako. Leo unasema hana, tena nisikuulize. Mimi ni mama yake. Nisipouliza mimi, atauliza nani?

Mama yako amekwisha kuagiza kuku mweusi. Tunaondoka kwenda Kagongwa Jumamosi.

13 Desemba

Sikuipeleka barua posta. Naendelea hapahapa.

Jana alasiri ilipiga mvua ya mawe. Nilikuwa nachekecha unga. Bati lilipoanza kupigwa nilimwita Mwahija, asiitike. Nikatazama uani, nikatazama kwa mama yako, nikaingia chumbani. Nikainama. Alikuwa chini ya kitanda, amelala kifudifudi mwisho kabisa ukutani, macho wazi, na kiganja chake amekiweka juu ya mdomo wake mwenyewe. Nikamwita atoke. Akanitikisia kichwa.

Mawe yalipokwisha ndipo alipoondoa mkono. Nikamuuliza, "Mwanangu, unafanya nini huko?"

Akasema, "Baba alisema tunyamaze. Wanakuja."

Nikamuuliza kina nani. Hajui. Nikamuuliza Baba alisema lini. Akasema siku ya mawe. Nikamuuliza Baba alifanyaje. Abdu, mtoto alichukua mkono wangu, akauweka juu ya mdomo na pua yake, akaukandamiza kwa mikono yake miwili. Hapo hata kabla ya akili yangu kuelewa, mkono wangu ulikuwa umekwisha kuelewa. Niliuvuta kama nimeshika kaa la moto.

Kagongwa hatuendi. Mama yako nimemwambia mtoto ana mafua.

Niambie.

Zuleha


Geita, Mgodini
24 Desemba 1951

Zuleha,

Ni kweli.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Onesmo amenikuta nachana, akanipa karatasi zake, akatoka.

Kule Burma nilipigwa na kipande cha chuma pajani. Hilo unalijua, umeliona kovu. Usilolijua ni hili. Nilikuwa nimelala kwenye mianzi, mvua inanyesha, naugulia maumivu wala siwezi kujizuia. Wajapani walikuwa wanapita. Nilisikia viatu vyao vikinasa na kunasuka matopeni. Kulikuwa na mwenzangu mmoja, Maige, Msukuma wa huku kwetu. Alinilalia juu kwa mwili wake wote, akaniziba mdomo kwa kiganja, akaninong'oneza, "Nyamaza. Wanakuja." Nilitaka kumng'ata. Nilidhani ananiua. Wakapita. Kulipokucha Maige akaenda kunitafutia maji, akapigwa risasi palepale nikimtazama.

Nimeishi kwa sababu ya mkono ule.

Siku ya mawe nilikuwa nimerudi nyumbani na koti la mtu nilishone mikono. Wewe ulikuwa stesheni, Mama alikuwa msibani. Mwahija alikuwa anacheza na vifungo miguuni pangu. Mawe yalipoanza kupiga bati, sikuwa tena Shinyanga. Siwezi kukueleza zaidi, kwa sababu sikumbuki kuingia chini ya kitanda. Nakumbuka mianzi. Nakumbuka kwamba kuna mtu mdogo lazima nimfiche, na akilia tumekwisha. Nilipozinduka kulikuwa kimya, na nilichokikumbatia kilikuwa kimelegea.

Nilimtoa nje. Sikujua nifanye nini, nilimwinua tu mvuani. Maji ya baridi yakampiga usoni, akavuta pumzi. Ndipo ulipoingia na kikapu chako, ukauliza ana nini, na neno lililokuja mdomoni mwangu lilikuwa hilo.

Ulishangaa fundi cherehani anafuata nini mgodini. Nilitafuta mahali ambapo hakuna mtoto. Huku chini wote ni wanaume wenye nguvu. Nikimshika mmoja wao, atanipiga aniangushe.

Hakukuwa na mwanamke, Zuleha.

Abdu


Geita, Mgodini
30 Januari 1952

Mama Mwahija,

Sijapata jibu. Nimeuliza wanaotoka Mwanza wakasema mvua zimekata barabara, magari yamelala njiani, lakini wenzangu wanapata barua zao.

Sikulaumu. Naandika kusema neno moja tu, halafu sitakusumbua. Ukitaka nikupe talaka, nitakuandikia bila mashahidi kuhojiana wala watu kujua sababu. Ukitaka nikae huku maisha yangu yote nikilipa matumizi, nitakaa. Utakaloamua ni sawa.

Naendelea kukaa asubuhi. Siku nyingine najiona nakaa na uso wa Mwahija tu. Onesmo anasema nisiufukuze.

Abdu


Shinyanga Mjini
16 Februari 1952

Abdu,

Barua zako zote mbili ninazo. Usiniandikie tena neno talaka.

Ile ya kwanza niliisomea kisimani. Nikarudi nyumbani bila ndoo, bila maji, na Bi Mbuke mama yako akaniuliza nimeporwa na nani. Nikamsomea. Sikuwa na mtu mwingine wa kumsomea. Nikadhani hajaelewa Kiswahili chako, nikaanza kumrudia kwa Kisukuma. Akanizuia. Akasema, "Mayu, mkwe wangu, aliporudi vitani alikuwa akilala mchana chini ya kitanda, wewe ukiwa stesheni. Nilimwona. Nilidhani ni joto." Halafu akajifunika khanga kichwani. Mama yako, ambaye hata kwenye msiba wa baba yako alikuwa akigawa wali, alilia mpaka jioni.

Nami nikwambie yangu. Kwa siku kadhaa nilitaka ufike hapa nikupige kwa mwiko. Kisha nikataka ufike nikushike. Vyote viwili saa ileile. Kisha vikaisha, ikabaki hofu. Nimejichoma mafuta ya vitumbua mkono wa kulia, ndiyo maana barua imechelewa. Silali. Bati likilia kwa joto tu, naruka kitandani na kumpapasa mtoto pua.

Na juzi stesheni niliaibika. Abiria mmoja alikuwa anamfuta mwanawe kamasi, kampakata vizuri kabisa, kamshika uso kwa leso. Nilipiga ukelele. Kikapu kikaanguka, vitumbua vikatawanyika chini, watu wote wakageuka. Yule baba akanitazama kama mwendawazimu, akaenda zake na mtoto wake. Mimi nikabaki naokota vitumbua vyenye mchanga, nikajiambia: Zuleha, hukwenda Burma, lakini na wewe umeipata.

Nilimuuliza shehe, bila kukutaja, kama mtu akikaa kimya baada ya alfajiri na kufuata pumzi yake ni dhambi. Akaniuliza huyo mtu anamwomba nani wakati huo. Nikasema hamwombi mtu, amekwisha kusali. Akasema basi kukaa hakuna ubaya, watu wangapi hukaa wakasengenya.

Kwa hiyo nieleze. Huo ukaaji wenu mtu anaanzaje? Usiniandikie mambo ya juu. Mimi nina moto wa kuwasha.

Zuleha


Geita, Mgodini
5 Machi 1952

Mke wangu,

Barua yako nilimsomea Onesmo, ile sehemu ya kuuliza. Akafurahi, halafu akawa na wasiwasi, akaniambia niandike pole pole nisikuharibie. Haya yote ni maneno yake na yangu yamechanganyika.

Chagua wakati ambao hakuna anayekuhitaji. Kwako nadhani ni baada ya kusali, kabla hujawasha moto. Si lazima ukae chini kama sisi. Kaa kwenye kigoda chako cha jikoni, nyayo zikanyage ardhi, mgongo usimame bila kukakamaa, mikono ipumzike. Fumba macho. Kama giza linakutisha, usifumbe. Tazama chini hatua chache mbele yako. Watu kama sisi, Onesmo anasema, mara nyingi huanza na macho wazi.

Kisha usifanye kitu. Pumzi inakuja yenyewe, wewe iangalie tu inavyoingia puani na kutoka. Ukiitoa, hesabu moja moyoni. Tena, mbili. Ukifika kumi rudi kwenye moja. Hutafika kumi. Mimi mpaka leo kuna siku sifiki nne. Utashtuka uko stesheni unabishana na mnunuzi, au uko chini ya kitanda unamtafuta mtoto. Ukigundua umekwenda, usijigombeze. Kule kugundua ndiko kazi yenyewe. Rudi kwenye moja. Mimi nilidhani kazi ni kutulia, nikawa nagombana na akili yangu kila asubuhi, nikitoka hapo nimechoka kuliko mtu aliyechimba.

Usikae muda mrefu. Kaa kama uji unavyochukua kuanza kuchemka, basi, inuka. Bora kidogo kila siku.

Na hili ulishike sana. Si dawa ya kila kitu. Siku nyingine utainuka na hofu zaidi ya uliyokaa nayo. Moyo ukienda mbio, ukaanza kuona usiyotaka kuyaona, acha. Simama, shika ukuta, nawa miguu, zungumza na Mama. Onesmo mwenyewe aliwahi kuacha kwa muda mrefu, kwa sababu kukaa peke yake kulimrudishia vita. Alianza tena alipopata mtu wa kukaa naye.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo limetokea wiki hii na sina mwingine wa kumwambia.

Tulipewa mfanyakazi mpya, mtu wa Masumbwe, mkulima, ananizidi umri. Alikuwa hajawahi kushuka shimoni. Tulikuwa tunakusanya mawe, baruti ya njia ya pili ikalipuka kabla ya wakati wake. Hakuna aliyeumia. Ila upepo ulikuja na vumbi, taa zetu za kabaidi zikazimika zote, tukawa gizani. Yule mzee akaanza kupiga mayowe.

Mkono wangu ukainuka.

Zuleha, gizani mtu haoni kitu, lakini niliujua. Niliujua ulivyotoka pajani, ukapita kifuani pangu, ukielekea kwenye ile sauti. Siku ya mawe sikuujua. Mara hii niliujua kama ninavyoijua pumzi, kwamba huu hapa, unakwenda. Nikaurudisha. Nikaushikilia kwa mkono wa pili. Nikamwambia, "Piga kelele, mzee wangu. Niko hapa." Akapiga kelele mpaka akachoka, kisha akaanza kulia, kisha akaniuliza naitwa nani. Nyapara alipokuja na taa alitukuta tumekaa tumeegemeana migongo.

Nilipotoka juu nilikaa chini palepale. Onesmo alisimamisha winchi akaja kuniinua.

Sisemi nimepona. Nimekuandikia ilivyokuwa tu.

Abdu


Shinyanga Mjini
29 Machi 1952

Baba Mwahija,

Nimekaa. Siku ya kwanza nilihesabu mpaka mbili, nikakumbuka sijafunika hamira. Siku ya pili nililia tu, nikanawa miguu kama ulivyosema. Sasa nakaa. Sifiki kumi. Lakini jana treni ilipiga honi karibu yangu, na nilisimama palepale na kikapu changu, nikamrudishia mtu chenji yake sawasawa.

Mama yako anakaa nami, ila yeye anakoroma. Mwahija naye huja kukaa sakafuni, akafumba macho, na muda si muda anatangaza, "Mama, mimi nimemaliza."

Nimeitafakari habari ya yule mzee wa Masumbwe. Nimemsomea Bi Mbuke mara nyingi mpaka anaijua.

Mvua zinaisha. Chumba cha uani nimekipaka udongo upya. Utalala huko, na mlango wa nyumba kubwa una komeo kwa ndani, na nitalifunga. Sikufichi hilo. Mwahija analala na bibi yake. Hutakaa naye peke yenu mpaka mimi niseme, na nitakaposema sijui. Kama unaweza kuishi hivyo bila kununa, omba ruhusa uje. Mwenye duka anasema kiti chako bado kipo, aliyekikalia anaharibu suruali za watu.

Zuleha


Shinyanga Mjini
11 Mei 1952

Shemeji Onesmo,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Abdu alisema atakuandikia yeye, lakini amezidiwa na nguo za watu, nami nikaona niandike, kwa sababu hatujaonana na ninakufahamu kuliko majirani zangu.

Alifika salama. Nilikwenda stesheni na mtoto na Bi Mbuke. Aliposhuka sikumtambua mara moja, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Mwahija alijificha nyuma ya bibi yake akakataa kumwangalia. Watu walikuwa wanatutazama. Nilidhani atamlazimisha, wanaume wengi wangemvuta mtoto kwa aibu tu. Yeye aliweka sanduku chini, akakaa juu yake, akaanza kuzungumza na mama yake habari za safari. Tulikaa hapo mpaka treni ikaondoka na stesheni ikabaki tupu. Mwahija alitoka akagusa sanduku. Halafu tukaenda nyumbani. Siku ile haikuwa na zaidi ya hayo.

Analala chumba cha uani. Komeo nalifunga, asubuhi nalifungua, na yeye huwa amekwisha kukaa nje kwenye mkeka. Nachukua kigoda changu nakaa pembeni. Hatuongei. Shemeji, sisi tulikaa kimya katika ndoa yetu miaka, kila mtu na lake, na kimya kile kilitaka kutuua. Hiki sikijui bado, lakini si kile.

Sasa nikueleze la jana, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa uani mchana. Mwahija alichomwa mwiba kidoleni, akaja kwa baba yake mwenyewe, akampa mkono. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, napepeta mchele. Abdu alimpakata akawa anautafuta ule mwiba. Jirani yetu anaezeka upya. Bila kutuambia, akaachia mabati kadhaa kwa pamoja kutoka juu yakaanguka kwenye mawe.

Mimi niliruka, mchele ukamwagika wote. Nilipogeuka, Abdu alikuwa amepauka uso, jasho limemtoka palepale. Mikono yake ilikuwa imefunguka, imekaa hewani mbali na mtoto, kama mtu aliyemwagikiwa na maji.

Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Zuleha, mchukue mtoto. Nimeshtuka. Sitaki kumshika sasa."

Nikamchukua. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba.

Onesmo, nimeolewa naye tangu kabla ya vita. Amewahi kurudi vitani na milio ya risasi masikioni akaniambia yuko salama. Amewahi kunidanganya mtoto akiwa amelegea mikononi mwake. Sijawahi hata siku moja kumsikia akisema ameshtuka. Nilibaki nimesimama na mtoto kiunoni. Mabati hayakunishtua kama maneno yale.

Mwahija akaniuliza, "Baba ana nini?"

Nilikuwa na jibu la kawaida mdomoni, la kichwa kuuma. Nikaliacha. Nikasema, "Ameogopa."

Akafikiri. "Hata baba?"

"Hata baba."

Tulimsubiri. Bi Mbuke akaanza kuokota mchele bila kuuliza neno. Nilikaa nikafuata pumzi yangu na mtoto mapajani, sikufika popote, nilikuwa nasikiliza nyuma ya nyumba tu. Baada ya muda akarudi, amenawa uso, kola imelowa. Alisimama mbali kidogo na sisi. Hakujua aje au asije, na mimi, Mungu anisamehe, sikumwita.

Mwahija akashuka mapajani pangu. Akaenda mpaka mbele yake, akamnyooshea kile kidole.

Akasema, "Mwiba bado umo."

Abdu akanitazama mimi kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa. Basi akachuchumaa pale mchangani, akamshika mwanawe mkono.

Shemeji yako,
Zuleha, Mama Mwahija